Sifuri ya Mjomba

Mjomba alipofariki, ndugu waligawana nyavu, mashine ya mtumbwi na bati za kibanda chake cha mwaloni Igombe. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nikapewa makaratasi: madaftari saba ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, yamefungwa kwa uzi wa nailoni aliokuwa akishonea nyavu. Mama aliyapima kwa mkono akasema, "Haya hata kuwashia moto hayafai, yameloa mno." Nikayaanika juani pale pale mchangani, kama yeye alivyokuwa akianika dagaa.

Kila ukurasa una safu sita zilizopigwa kwa rula. Tarehe. Umri wa mwezi. Idadi ya karabai. Upepo. Dagaa, kwa sado. Na pembeni kabisa, safu nyembamba yenye neno moja: furu.

Nilipoyasoma sikuvutiwa na mavuno makubwa. Nilivutiwa na siku tupu. Mjomba alikuwa na alama mbili za kukosa, na hakuwahi kuzichanganya. Kistari kilimaanisha hakwenda ziwani: mbalamwezi, msiba, mafuta ya taa yameadimika. Sifuri ilimaanisha alikwenda, akawasha, akangoja, akazungusha wavu, akavuta, akapata maji. Enzi za uhai wake nilimwuliza kwa nini asitumie alama moja, maana asubuhi ya kistari na asubuhi ya sifuri mfuko ni ule ule mtupu. Akanijibu, "Mwanangu, kistari ni usiku nisioujua. Sifuri naijua."

Nimefundisha fizikia katika sekondari za Mwanza kwa miaka 31, na sijapata maneno yanayoeleza vizuri kuliko hayo kazi ya wanasayansi wanaoitafuta maada ya giza. Kwa karibu miongo minne watu hao wameshusha mitambo yao ardhini na kupanda na sifuri. Gazeti likiandika kwamba hawakupata kitu, msomaji anaona kistari. Nataka kueleza historia ya sifuri ya namna hiyo, na nitaanzia hapa ziwani, maana hapa tulijifunza kuisoma kwa gharama yetu wenyewe.

Taa na mwezi

Dagaa wetu ni samaki wa urefu wa kidole. Uvuvi wake wa taa ulishika kasi tangu miaka ya 1960, karabai zilipoenea mialoni. Mtumbwi ulitoka jioni na taa kadhaa, kila moja imefungwa juu ya chelezo kidogo cha mbao. Wavuvi walizipampu, wakaziwasha, wakaziacha zielee mbalimbali gizani, kisha wakakaa kimya. Vijidudu vya ziwani vilikuja kwanza, vikajigonga kwenye kioo. Baadaye dagaa wakapanda kutoka chini kwa maelfu. Ndipo wavu ulipozungushwa kuizingira taa, taratibu, ili wasishtuke.

Wavuvi hao walihesabu mapato kwa giza, si kwa mwezi wa kalenda. Giza hili tumepata, giza lile tumekosa. Mwezi ukikaribia kupevuka waliketi pwani, wakatia viraka nyavu, wakalala mchana na usiku. Nikiwa mtoto nilidhani dagaa nao wanapumzika. Mjomba alinicheka. Dagaa wapo, alisema, tena pengine wengi kuliko jana; ila ziwa lote limekuwa taa, na taa yangu haina tena cha kuwaambia.

Sikujua kwamba siku ile nimefundishwa jambo ambalo wanafizikia hulipia mabilioni. Kinachotafutwa hakionekani mpaka mwanga mwingine upungue. Uso wa dunia, kwa mtu anayewinda chembe adimu, ni ziwa la mbalamwezi isiyoisha. Mionzi kutoka anga za juu inatunyeshea usiku na mchana. Unaposoma sentensi hii imekwishapita mkononi mwako mara kadhaa. Hakuna siku ya giza ya kungojea. Kwa hiyo wanalitafuta giza chini ya ardhi, kwenye migodi. Lakini tusifike huko kabla ya kujua wavu.

Inchi tano

Mwaka 1927 serikali za kikoloni zilimleta Michael Graham kutoka Uingereza kulikagua ziwa zima. Tatizo lilikuwa ngege, aliyekuwa samaki wa heshima kabla hatujajua sangara. Nyavu za kutega za uzi wa kitani zilikuwa zimeingia upande wa Kisumu mnamo 1905 na kusambaa haraka, na idadi ya ngege kwa kila wavu ikawa inashuka. Graham na msaidizi wake kijana, E. B. Worthington, walizunguka ziwa mpaka 1928, na ripoti ikatoka 1929. Pendekezo lake lililokumbukwa zaidi lilikuwa tarakimu moja: tundu la wavu lisipungue inchi 5. Likawa sheria mnamo miaka ya 1930, na baadaye, miaka ya 1950, likaachwa upande wetu na Uganda. Katika ripoti hiyo hiyo alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla-wenzake kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa kama hakujatanguliwa na utafiti wa kina. Onyo hilo tutalikuta tena mbele.

Tangu hapo, ziwa letu linazungumza kwa inchi. Mvuvi akikutana na mvuvi haulizi tu umepata nini, anauliza umetega inchi ngapi. Jibu la swali la kwanza halina maana bila la pili. Wavu wa inchi 5 unamkamata ngege mzima na kumwacha mtoto wake apite. Furu, samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao wengi hawafiki urefu wa kiganja, wanapita kana kwamba hakuna wavu. Miaka nenda rudi vitabu vya mwaloni viliandika ngege, ningu, gogogo, kambare, kamongo. Furu walikuwa chambo, au mboga ya watoto.

Mwanafizikia Arthur Eddington, katika kitabu chake cha 1939, alisimulia mfano wa mtaalamu wa samaki ambaye wavu wake una tundu la inchi 2. Baada ya kuvua sana, mtaalamu anatangaza kwamba hakuna samaki mdogo kuliko inchi 2. Akipingwa, anasema kisichokamatwa na wavu wake si samaki. Mfano huo umesomeshwa vyuoni kote duniani. Mimi nikiusoma huwa natamani Eddington angekaa siku moja Igombe. Mtu akisema vile mwaloni, hata watoto wanaookota dagaa walioanguka wangemwuliza: kwani mzee, wewe umetega inchi ngapi?

Sehemu nane kati ya kumi

Jibu kuhusu furu lilikuja kati ya 1969 na 1971. Mradi wa utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, ukishirikiana na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lililokuwa na makao Jinja, uliburuta wavu wa tundu dogo sakafuni mwa ziwa, kituo baada ya kituo. Matokeo yalipojumlishwa, ilionekana kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini ni furu. Sehemu nane kati ya kumi za ziwa hazikuwa zimeandikwa kwenye kitabu chochote cha soko.

Sasa tazama juu. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi liitwalo Coma, akaona zinakimbia mno. Uzito unaoonekana usingeweza kuzishika pamoja. Mwaka 1970, wakati wavu ule unaburutwa ziwani kwetu, Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda: nyota za pembezoni zinazunguka kwa kasi ambayo maada inayoonekana haiwezi kuieleza. Na tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, roketi ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Setilaiti hiyo ilionyesha kwamba kati ya galaksi za makundi kama Coma kumejaa gesi ya moto mkali sana. Gesi ya joto hilo ingetawanyika zamani kama isingeshikwa na mvutano wa kitu kizito kisichong'aa.

Hesabu za leo zinasema takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni ni ya aina hiyo isiyoonekana, yaani maada ya giza. Nikiwafundisha kidato cha sita naandika ubaoni namba mbili, 80 na 85, bila maelezo, kisha nawaacha wabishane ipi ni ya ziwa na ipi ni ya mbingu. Sidai kwamba zina undugu. Nataka waone kwamba daftari lililoandikwa kwa uaminifu linaweza kukosa sehemu kubwa ya kilichopo, na kosa lisiwe la mwandishi bali la tundu.

Meza ya furu

Mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kazi Mwanza, ikifanya utafiti wa furu wa Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania. Frans Witte ndiye aliyedumu nayo kwa miaka mingi. Kaka yangu alipata kibarua kwenye moja ya mashua zilizokuwa zikitoka upande wa Nyegezi na Butimba, na alikuwa akirudi nyumbani na harufu ya fomalini iliyomfanya mama amlishe nje.

Kazi yake ilikuwa kwenye meza. Wavu ukimwagwa, samaki wanagawanywa haraka, wangali na rangi, maana rangi ya dume ndiyo inayotofautisha aina na aina, na ikishaingia kwenye fomalini inafifia. Huyu mgongo mwekundu, yule ubavu wa buluu, huyu mweusi mwenye madoa ya mayai kwenye pezi la nyuma. Kila kundi linapata kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: kituo, kina, saa, muda wa kuburuta. Kaka, aliyeishia darasa la saba, alijifunza kutenganisha makumi ya aina ambazo mwaloni zote zilikuwa na jina moja. Katika ziwa zima aina za furu zinakadiriwa kuzidi 500, na zimezaliwa ndani ya muda mfupi wa kushangaza, kwa kuwa ziwa lenyewe lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Mmoja wao, wa miambani, mwekundu mgongoni na mwenye mistari myeusi, alipewa mwaka 1985 jina la kisayansi linalomtaja Mwalimu Nyerere.

Lakini 1985 meza ilikuwa inapungukiwa. Sangara, mla-wenzake aliyepandikizwa upande wa Uganda tangu miaka ya 1950, alikuwa ameifikia ghuba yetu na kufurika. Kabla yake, tangu katikati ya miaka ya 1970, trola zilikuwa zikivua furu kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki hapa Mwanza, na maji yalikuwa yameanza kuwa mazito kwa uchafu na udongo wa mashambani. Onyo la Graham likatimia. Kaka alisema wavu ulipanda na sangara watatu, wanne, na kamba wengi, na ile meza ndefu ya kugawanyia ikawa ya kuwekea chai. Kati ya aina zaidi ya 120 zilizokuwa zikipatikana kwenye mstari wa vituo kuvuka ghuba, takriban 80 hazikuonekana tena kwenye wavu baada ya 1986.

Angalia nilivyoandika: hazikuonekana tena kwenye wavu. Watafiti wenyewe katika ripoti zao waliandika hivyo hivyo, kwa tahadhari, kwamba zimetoweka kwenye mavuno. Nje ya ripoti tahadhari ikaanguka njiani, na dunia ikasikia kwamba zimekwisha. Zipo ambazo kwa kweli hazijaonekana mpaka leo. Ila miaka ya 1990 ilipofika, furu wa aina chache wanaokula vidudu vya majini walianza kurudi katika maji ya wazi ya ghuba, wengine wakiwa wamebadilika hata mashavu na chakula ili kuyazoea maji mapya. Na mtafiti Ole Seehausen, alipozamia kwenye miamba ya visiwani, mahali ambapo wavu wa kuburuta haufiki bila kupasuka, alikuta makumi ya aina ambazo sayansi haikuwa imewahi kuziandika.

Kwa hiyo sifuri ya 1987 ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na mipaka: wavu huu, tundu hili, sakafu ya matope, vituo hivi, miaka hii. Ndani ya mipaka hiyo ilikuwa habari nzito sana. Nje ya mipaka hiyo ilikuwa kistari.

Migodi

Ng'ambo ya ghuba, ukivuka Kigongo na Busisi, ni njia ya Geita. Kati ya 1936 na 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki, na watu walishuka chini ya ardhi kuichimba. Miaka ile unaishia, kwenye mgodi mwingine wa dhahabu, Homestake, katika jimbo la South Dakota, Marekani, mkemia aitwaye Raymond Davis aliweka tangi la lita karibu 380,000 za dawa ya kusafishia nguo bila maji, karibu kilometa moja na nusu chini ya ardhi. Alitafuta nyutrino, chembe zinazotoka jua na kupita kila kitu. Mara chache sana nyutrino hugonga atomu ya klorini ndani ya dawa hiyo na kuigeuza kuwa agoni. Davis alizikusanya atomu hizo chache kutoka katika tangi zima na kuzihesabu.

Alipata theluthi moja ya zilizotarajiwa. Mwaka 1968 alipotangaza, wengi walidhani amekosea hesabu, au wanaolielewa jua wamekosea. Akaendelea kuhesabu kwa miaka karibu 30, na jibu likabaki theluthi. Ndipo mwaka 2001 na 2002 kituo kilichomo ndani ya mgodi wa nikeli wa Sudbury, Kanada, kikaonyesha kwamba nyutrino zote zipo, ila njiani kutoka jua nyingi hubadilika aina, na tangi la Davis lilikuwa na tundu la kukamata aina moja tu. Davis alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Theluthi mbili zilizokosekana hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimebadili rangi, na meza yake haikuzitambua.

Mgodi huo huo wa Homestake, mwaka 1987, ulitoa mojawapo ya matokeo ya kwanza ya kuitafuta maada ya giza moja kwa moja, kwa kipande cha jerimani kilichozungushiwa kinga. Leo dhahabu haichimbwi tena pale, na ndani kuna mtambo uitwao LUX-ZEPLIN, wenye tani 10 za zenoni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Chembe ya maada ya giza, ikiwa ni ya aina inayodhaniwa, itagonga kiini cha atomu ya zenoni. Mmweko mdogo wa mwanga utatokea, na kufuatiwa na wa pili kutoka kwa elektroni zilizong'oka. Uwiano wa mimweko miwili hueleza kama kilichogongwa ni kiini au ni elektroni tu, jambo linalotenga kinachotafutwa na mionzi ya kawaida ya mawe na vyuma. Mgongano uliotokea karibu na ukuta wa tangi hutupwa, kama mvuvi asivyohesabu takataka za ufukweni.

Mwaka 2024 timu hiyo ilitoa matokeo ya siku 280. Sifuri.

Namna ya kuisoma sifuri hiyo ni ile ile ya mwaloni. Kwanza, inchi ngapi? Kila mtambo una kiwango cha chini cha mgongano unaoweza kuusikia. Chembe nyepesi mno hugusa kiini kwa upole usiosikika, na hupita kama dagaa katika inchi 5. Pili, wapo wangapi? Hesabu za galaksi yetu hukadiria kwamba hapa tulipo kila sentimeta moja ya ujazo ina maada ya giza yenye uzito wa kama theluthi ya protoni. Mzigo ni huo huo. Chembe zikiwa nzito basi ni chache, na mtambo huona kwa shida. Ndiyo maana mchoro wanaouchapisha una umbo la bakuli: mtambo unaona vizuri kabisa katikati, kwa chembe zenye uzito wa makumi ya protoni, na macho yanadhoofika kuelekea kingo zote mbili. Juu ya mstari wa bakuli, wanasema: kama ungekuwa pale tungekukamata. Chini ya mstari hawasemi kitu. Ni kistari.

Tatu, wavu ulikuwa mzima? Kabla na baada ya kungoja, hurusha ndani ya mtambo chembe wanazozijua, nyutroni kwa mfano, waone kama unazikamata. Sifuri ya mtambo uliolala haina thamani.

Kutia chumvi

Jambo la nne ndilo linalowachekesha wanafunzi wangu. Kwa Kiswahili, anayekuza mambo tunasema anatia chumvi. Wanasayansi hawa hutia chumvi kwa makusudi, na neno lao ni hilo hilo la chumvi. Mtu aliyetengwa kwa kazi hiyo huchomeka ndani ya data migongano ya bandia, iliyotengenezwa ifanane na ya kweli, na wachambuzi hawaambiwi ipi ni ipi mpaka wamalize kuamua. Sababu yake ni kwamba macho yenye hamu huona kinachotamaniwa. Asiyejua lipi ni la bandia hathubutu kulegeza kipimo ili limpendeze. Sisi hutia chumvi ili tuaminike; wao hutia ili wasijiamini.

Wana sababu ya kujihadhari. Katika maabara ya Gran Sasso, Italia, chini ya mita 1,400 za mwamba, timu ya DAMA imedai tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba fuwele zake za sodiamu na iodini zinaona migongano inayoongezeka kila Juni na kupungua kila Desemba. Wazo lenyewe ni zuri: jua linasafiri ndani ya wingu la maada ya giza, na dunia inapolizunguka, kuna miezi inaukabili upepo wa wingu hilo na miezi inaupa kisogo. Lakini kuna mengi yanayopanda na kushuka kwa majira. Mvuvi anajua kwamba dagaa wakiongezeka msimu fulani, chanzo chaweza kuwa upepo, mvua, au kwamba jirani amesafiri. Ikabidi watu wategeshe wavu ule ule mahali pengine. Timu ya ANAIS nchini Hispania na ya COSINE nchini Korea Kusini zimetumia fuwele za aina ile ile, na hazijaliona wimbi hilo.

Mwaka 2013 timu ya CDMS, yenye mtambo ndani ya mgodi wa zamani wa chuma wa Soudan, Minnesota, ilitangaza migongano mitatu katika vipande vyake vya silikoni, ilhali ilitarajia kwamba kelele za kawaida zisingezidi mmoja. Mitatu! Magazeti yalichangamka. Wenyewe hawakusema wamegundua. Walisema wameona mitatu, wakaendelea. Mitambo mikubwa zaidi ilipotega eneo hilo hilo, haikukuta kitu.

Na sasa wavu umekuwa mdogo tundu kiasi kwamba umeanza kukamata dagaa wasiotakiwa. Mwaka 2024 timu mbili zenye mitambo ya zenoni, moja Italia na nyingine China, ziliripoti dalili za nyutrino za jua, zile za Davis, zikigonga viini ndani ya matangi yao. Hiyo ndiyo mbalamwezi ambayo hakuna mgodi wa kuikimbia.

Safu ya sita

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa si wamepoteza hela tu?" Nikampa daftari la tano la mjomba apeleke nyumbani, nikamwambia asome safu ya mwisho.

Katika madaftari ya mwanzo safu ya furu imejaa, kwa kuwa wavu wa dagaa ulipanda na furu ndani yake hata usipotaka: nusu sado, konzi mbili, sado. Katika la tano zinaanza kupungua. Katika la sita ni sifuri. Ukurasa mzima wa sifuri, kisha mwingine, giza baada ya giza, na vistari mahali pa mbalamwezi. Kila alipofungua ukurasa mpya alichukua rula, akapiga safu sita, akaandika juu ya ile ya mwisho neno furu, ingawa hapakuwa na cha kuandika chini yake. Kaka alimwambia aiache, wataalamu wamekwisha kusema hawapo. Mjomba akasema, "Wao wameandika kwa wavu wao. Mimi naandika kwa wangu."

Daftari la saba limeanza miaka ya 1990. Kurasa za kwanza ni sifuri. Kisha, usiku mmoja wa giza, karabai nne, upepo mdogo, dagaa sado sita, furu: "3?"

Usiku uliofuata, sifuri. Na uliofuata. Kistari, kwa siku tano za mbalamwezi. Sifuri. Sifuri. Halafu giza jipya, mwandiko ule ule wa penseli: "konzi 1." Alama ya kuuliza haipo.